Honi ya Kombi iliyolia kona ya kushoto tu

Gari ni Volkswagen Kombi ya mwaka 1973, usukani kulia, paa limekatwa na kuwekewa mfuniko wa kuinua, kama zilivyokuwa Kombi nyingi zilizopeleka watalii Ngorongoro na Serengeti miaka ile. Mwenye gari ni mzee mstaafu wa hapa Tanga. Aliinunua kutoka kampuni ya utalii ya Arusha iliyokuwa ikiuza magari yake yaliyochoka, akaishusha pwani, na tangu hapo imekula vumbi la bara na chumvi ya bahari kwa pamoja. Nayaeleza haya kwa sababu kila kitu nilichokikuta chini ya gari hili kina alama ya mojawapo kati ya hivyo viwili.

Malalamiko yalikuwa mafupi. Honi ya usukani haifanyi kazi. Badala yake, kwenye dashibodi kulikuwa na kitufe cha kengele ya mlango wa nyumba, kile cheupe cha mraba, kimefungwa kwa skrubu mbili. Ukikibonyeza honi inatoa sauti, lakini ya kukwaruza, kama haijapata nguvu zake zote.

"Shikamoo mzee. Sasa si inalia?" nikamuuliza.

"Marahaba mwanangu. Inalia, ila haipo pale mkono wangu unapoitafuta."

Akanieleza kwamba kwenye njia ya kwenda Pangani bodaboda ilikatiza mbele yake ghafla. Mkono wake ulikwenda katikati ya usukani, mahali ulipozoea kwenda kwa miaka yote. Pakawa kimya. Mpaka akikumbuka kitufe cha dashibodi, breki ndizo zilizokuwa zimeokoa watu. Aliyewahi kuendesha Kombi anajua hofu hiyo: dereva amekaa juu ya ekseli ya mbele, hakuna boneti, hakuna injini mbele yake, kilicho kati ya magoti yake na kinachokuja ni bati na kioo. Kwenye gari la namna hii honi si kitu cha kupitia ukaguzi wa trafiki na kubandikiwa stika ya Nenda kwa Usalama. Ni sehemu ya breki.

Nikamuuliza swali ambalo huwa naliuliza kabla sijagusa waya wowote: kabla hujawekewa kitufe hiki, ilianzaje kuharibika?

"Ilianza kuchagua. Nikikata kona ya kushoto inalia vizuri kabisa. Nikinyoosha, inanyamaza. Fundi aliyeiona akasema waya umeoza, akanifungia hiki."

Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko multimita, kile kipimo cha umeme. Honi inayochagua kona haijafa, na moto wake, yaani umeme unaotoka kwenye betri, haujapotea. Kuna kitu kinachozunguka pamoja na usukani ambacho kinagusana na kuachana. Ili kuona ni kwa nini, lazima kwanza kueleza honi ya Kombi inavyopata umeme, kwa sababu imepangwa kinyume na mafundi wengi wanavyodhani.

Mazoea yetu ni kwamba swichi inapeleka moto. Unabonyeza, moto unakwenda kwenye kifaa, na kifaa chenyewe tayari kimeshika bodi, yaani bati la gari linalorudisha umeme kwenye betri. Kwenye Kombi honi haifanyi hivyo. Ukishawasha ufunguo, moto unatoka kwenye boksi la fyuzi, unapita kwenye waya mweusi wenye mstari wa njano, unafika kwenye honi iliyofungwa chini mbele ya gari, na unabaki hapo ukisubiri. Upande wa pili wa honi kunatoka waya wa kahawia unaopanda hadi kwenye usukani. Kitufe cha katikati ya usukani hakileti moto wowote. Kazi yake ni kuunganisha njia ya ule waya wa kahawia na shafti ya usukani. Kutoka hapo umeme unashuka kwa shafti yenyewe, unaingia kwenye boksi la usukani, na boksi limefungwa kwa bolti kwenye chesisi, fremu ya chuma iliyoungana na bodi. Mzunguko umekamilika, honi inalia.

Maana yake ni kwamba kitufe cha Kombi kinakata athi, ile njia ya umeme kurudi kwenye bodi, hakikati moto. Honi iliyonyamaza inaweza kuwa na umeme wote inaouhitaji, sawa na daladala lililojaa abiria huku mlango wa kushukia umekwama. Ukiiongezea honi moto hujaisaidia.

Kuna sehemu moja zaidi kwenye njia hiyo, na ndiyo iliyobeba kisa chote hiki. Shafti ya usukani haikushikana na boksi lake chuma kwa chuma. Katikati yao kuna diski nene ya raba yenye matundu manne. Bolti mbili zinaishika kwenye flanji ya shafti, yaani kibao cha chuma kilicho mwishoni mwake, na mbili nyingine kwenye flanji ya boksi. Raba ile ipo ili mitetemo ya barabara isipande yote mikononi mwa dereva. Lakini raba haipitishi umeme. Kwa hiyo waliounda gari waliweka waya mfupi unaoruka diski, kutoka upande wa shafti hadi upande wa boksi. Ni waya mdogo kuliko yote kwenye gari, uko chini ya sakafu, unapigwa maji na mawe, na honi nzima inautegemea.

Sasa rudi kwenye kona ya kushoto. Unapozungusha usukani wa gari zito lisilo na msaada wa haidroliki, raba hujipinda kidogo kabla ya kulisukuma boksi. Flanji mbili zinapishana kwa kiasi kidogo, upande mmoja ukikata kushoto na upande mwingine ukikata kulia. Waya mfupi uliokatika nyuzi zake ndani ya plastiki unaweza kugusana ukipindwa huku na kuachana ukipindwa kule. Hiyo ilikuwa dhana yangu ya kwanza. Ya pili ilikuwa pete ya shaba iliyo chini ya usukani, ile inayosuguliwa na kijiti cha mgusano ili umeme upite huku usukani ukizunguka. Pete ikilika au ikishika uchafu sehemu moja, honi nayo huchagua.

Dhana hizo mbili zinatofautishwa kirahisi, na nashangaa hili halifundishwi sana. Pete mbovu inafuata pembe ya usukani: ukiuacha usukani umekaa pembe fulani, honi italia au itanyamaza hata ukiuachia mikono. Waya wa diski unafuata nguvu: honi italia wakati unavuta, na itanyamaza ukiachia, hata kama usukani haujasogea zaidi ya upana wa kidole.

Kabla ya kujaribu hilo, ilibidi kwanza kuzirudisha nyaya mahali pake, kwa hiyo nikaanza kusoma kazi ya aliyetangulia. Simsemi kwa ubaya. Namsema kwa sababu alichofanya kinafanywa kila siku, na hatari yake haionekani juu ya dashibodi.

Alichukua moto moja kwa moja kwenye swichi ya taa kubwa, kwenye terminali ambayo ina umeme wa betri muda wote, ufunguo uwe umewashwa au umezimwa. Kwenye Kombi waya unaofika pale haujapita fyuzi yoyote. Akaupeleka kwenye kitufe cha kengele, kisha akautoboza sakafuni hadi kwenye honi. Upande wa pili wa honi akaufunga kwenye bodi. Ule waya mweusi wenye mstari wa njano akauvua kwenye honi, akauzungushia tepu na kuuacha unaning'inia nyuma ya bampa. Ukiwasha ufunguo, ncha ile ina moto. Tepu ilikuwa imeshalegea.

Kwa hiyo gari lilikuwa na njia mbili za kuungua. Ya kwanza ni ile ncha inayoning'inia, ambayo angalau ina fyuzi nyuma yake, au ilipaswa kuwa nayo, nitalifikia hilo. Ya pili ndiyo iliyonitisha: waya usio na fyuzi umepita kwenye tundu la bati lenye makali, bila raba ya kuukinga, na mtikisiko wa barabara ulikuwa umeshaanza kulila ganda lake. Betri ya Kombi iko nyuma kabisa, kando ya injini. Waya ule ukigusa bati, umeme unapita urefu wote wa gari bila kitu cha kuuzuia hadi kitu kiyeyuke. Na kwa kuwa una umeme muda wote, hilo lingeweza kutokea usiku gari likiwa uani, karibu na nyumba.

Kitufe chenyewe nacho kilikuwa kinaumia. Honi moja kama hii inavuta ampia nne au zaidi, na kila unapoachia kitufe koili ya honi, yaani waya wake uliozungushwa ndani, inatoa cheche kwenye mgusano. Kibati chembamba cha kengele ya mlango hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nilipokifungua kilikuwa cheusi na plastiki imeanza kujikunja. Ile sauti ya kukwaruza ilitokana na hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata kama lengo lilikuwa kitufe cha dashibodi, waya mmoja ungetosha. Honi ilikuwa na moto wake halali tayari. Ungeunganisha waya kutoka terminali ya kahawia ya honi hadi kwenye kitufe, na kutoka kitufe hadi kwenye bodi. Basi. Hakuna moto mpya, hakuna tundu la hatari, na waya ukichubuka kosa lake kubwa ni honi kulia bila kubonyezwa. Lakini fundi alitafuta moto kwa sababu alidhani kilichopotea ni moto.

Nikatoa kichwa cha hasi cha betri, nikaondoa kazi yote ile hadi waya wa mwisho, nikarudisha mweusi wa njano na wa kahawia kwenye terminali zake, nikarudisha betri.

Honi yenyewe niliipima kwanza ikiwa peke yake, kwa betri ya akiba niliyoiweka chini mbele ya gari na nyaya mbili nene. Ikalia. Kwa hiyo haikuhitaji kubadilishwa, na hilo ni jambo la kulithibitisha mapema, maana nimeona watu wakinunua honi mpya mara mbili kwa gari lenye tatizo la waya.

Kisha nikapima moto unaofika. Hapa ndipo multimita humdanganya mtu. Ukiigusa kwenye ule waya mweusi wa njano huku honi haijafanya kazi, itakuonyesha volti 12.4 hata kama waya umebakiwa na unyuzi mmoja, kwa sababu multimita yenyewe haivuti umeme wa maana. Waya lazima upimwe ukiwa na mzigo. Mimi hutumia balbu ya indiketa ya wati 21 iliyochomelewa nyaya mbili. Nikaifunga kati ya waya huo na bodi, nikapima pembeni yake: volti zikashuka hadi 11.3. Zaidi ya volti moja imepotea njiani. Balbu hiyo inavuta chini kidogo ya ampia mbili. Honi inavuta mara mbili ya hapo, kwa hiyo hasara hiyo kwenye honi inazidi volti mbili, na honi ya volti 12 inayopata kumi inalia kama ina mafua. Kwenye Kombi za zamani zaidi, zile za kioo cha mbele kilichogawanyika katikati, nyingi zilitoka na umeme wa volti 6, na huko hasara ya volti mbili inanyamazisha honi kabisa.

Hasara ilikuwa kwenye boksi la fyuzi, nami nilikwenda hapo moja kwa moja. Fyuzi za magari haya ni vile vijiti vya kauri au plastiki vyenye ncha zilizochongoka, vinavyobanwa kati ya vibati viwili vya shaba. Rangi zina maana: nyeupe ni ampia 8, nyekundu ni 16. Zimeachwa wazi kwa hewa, na hewa ya Tanga ina chumvi. Ncha zilikuwa na ukungu wa kijani. Na fyuzi ya honi ilikuwa imeungua zamani, imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Karatasi hiyo inapitisha umeme vizuri kiasi cha kukufikisha nyumbani, na vibaya kiasi cha kukupotezea volti. Ila ubaya wake mkubwa ni kwamba haikatiki inapotakiwa kukatika. Kumbuka ule waya unaoning'inia nyuma ya bampa.

Nikasafisha vibati kwa msasa laini, nikavibana kidogo ili vishike kwa nguvu, nikaweka fyuzi mpya ya ampia zilezile zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Balbu ileile sasa ikaonyesha volti 12.1. Upande wa moto ulikuwa umekwisha.

Ukabaki upande wa athi, na kona ya kushoto.

Nikachukua waya wa majaribio wenye vibanio, upande mmoja kwenye terminali ya kahawia ya honi, upande wa pili kwenye bodi. Honi ikalia, sauti pana, ya Kombi hasa. Hii inathibitisha kwamba moto, fyuzi na honi vyote ni vizima, na tatizo liko kati ya waya wa kahawia na chesisi. Kisha nikamkalisha mzee kwenye kiti chake, ufunguo umewashwa, kidole gumba kwenye kitufe cha usukani. Nikamwambia avute usukani kushoto taratibu, matairi yakiwa chini. Kabla matairi hayajasogea, honi ikalia. Akaachia, ikanyamaza. Usukani haukuwa umezunguka hata kiasi cha kuonekana.

Kilichoiamsha honi kilikuwa nguvu. Pembe haikubadilika.

Gari likainuliwa na kuwekewa magogo (jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake, hata kwa kazi ya dakika moja), nikaingia chini na waya wa vibanio. Kibanio kimoja kwenye bolti ya flanji ya shafti, kingine kwenye flanji ya boksi. Mzee akabonyeza huko juu, honi ikalia mfululizo, usukani ukiwa popote. Nikatoa kibanio, kimya. Waya mfupi wa diski ulikuwa bado upo mahali pake, ganda lake zima kwa macho, lakini nilipoukunja kwa vidole ukalegea sehemu moja kama kamba. Ndani nyuzi zote zilikuwa zimekatika pale waya unapoingia kwenye kichwa chake, na shaba imegeuka unga wa kijani. Aliyeutengeneza mara ya mwisho alikuwa ameuchomelea kwa risasi, ile metali laini inayoyeyushwa kuunganisha nyaya.

Hapa nina msimamo ambao mafundi wenzangu wengi hawaupendi. Risasi ni nzuri ndani ya redio. Kwenye waya unaotikisika na kupindwa ni adui, kwa sababu inapanda ndani ya nyuzi na kuzigeuza kijiti kigumu, na waya hukatika palepale ugumu unapoishia. Waya wa diski unapindwa kila dereva anapokata kona. Unahitaji waya wa nyuzi nyingi nyembamba, vichwa vya duara vinavyominywa kwa koleo lake maalumu la kubinya vichwa, si plaisi ya kawaida, na ganda la plastiki linalosinyaa kwa moto ili kufunga unyevu nje. Nilitumia waya wa milimita za mraba 2.5, mkubwa kuliko honi inavyohitaji, kwa sababu ya nguvu zake na si kwa sababu ya umeme. Nikauachia ulegevu kidogo ili raba ikijipinda usivutwe, lakini si mrefu kiasi cha kunasa kitu shafti inapozunguka. Chini ya kila kichwa nikasugua chuma hadi king'ae, nikafunga, kisha nikapaka grisi juu. Grisi inapakwa baada ya kukaza. Ukiipaka kabla, inaweza kubaki katikati pale unapotaka chuma kiguse chuma.

Lakini nikiwa pale chini niliona kitu ambacho kilikuwa kizito kuliko honi. Raba ya diski ilikuwa na nyufa zinazotoka kwenye tundu la bolti moja na kukimbilia ukingoni. Ufa mmoja uliingia ukucha. Diski hiyo ndiyo inayobeba kila amri dereva anayoitoa kwa matairi. Nikamwita mzee ashuke, nikamwangazia tochi aone mwenyewe, na nikamweleza kwamba siwezi kumrudishia gari hili kwa safari ya mbali na diski ile. Alikaa kimya, kisha akauliza kama ndiyo sababu usukani ulikuwa umeanza kuwa na mchezo, yaani kulegea. Ndiyo, sehemu yake.

Inawezekana nyufa hizo na kukatika kwa waya ni jambo moja. Raba ikishachoka inajipinda zaidi ya ilivyopangwa, na waya unaoiruka unavutwa zaidi kila kona. Honi iliyochagua kona ya kushoto ilikuwa inatoa taarifa kuhusu usukani. Kitufe cha dashibodi kiliiondoa taarifa hiyo. Kuanzia siku kilipofungwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuingia chini ya sakafu na tochi.

Wakati tukisubiri diski itafutwe, nilimalizia juu. Usukani ukatolewa, betri ikiwa imekatwa. Pete ya shaba ilikuwa chafu lakini haijalika. Niliisafisha kwa kitambaa na spiriti, sikutumia msasa, kwa sababu mikwaruzo ya msasa inageuka tupa kwa kijiti cha mgusano. Grisi kidogo sana, kiasi cha kuacha mng'ao tu. Chemchemi ya kitufe ilikuwa nzima.

Mzee aliniuliza kuhusu rilei, ile swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, maana mtu alimwambia honi bila rilei inaua kitufe. Kwa honi moja ya asili sikuona haja. Gari lilitoka kiwandani bila rilei ya honi na mgusano wake umebeba umeme huo kwa miaka hamsini. Angetaka honi mbili, au zile kubwa zinazovuta ampia kumi na kuendelea, ningeweka, na hata hapo mpangilio wa Kombi unarahisisha kazi: terminali 86 unaipa moto wa ufunguo, 85 unaiunganisha na ule waya wa kahawia wa usukani, 30 inapata moto wa betri kupitia fyuzi yake mwenyewe, na 87 inakwenda kwenye honi, ambayo upande wake wa pili sasa unashika bodi. Kitufe cha usukani kinabaki na kazi ileile ya kukata athi. Ila rilei inayofungwa kuficha waya mbovu wa diski itakuwa kitufe cha kengele kingine, cha bei zaidi.

Mwisho nikairekebisha sauti. Nyuma ya honi kuna skrubu ndogo iliyozibwa kwa rangi au nta. Inasogeza mgusano wa ndani unaoikata na kuiunganisha koili mara nyingi kwa sekunde ili kiwambo, kile kibati chembamba kinachotoa sauti, kitetemeke. Unaizungusha robo mzunguko kwa mara, unasikiliza, unarudi nyuma sauti ikipasuka. Vumbi la miaka mingi lilikuwa limeiziba kidogo. Robo moja ilitosha, kisha nikaiziba tena kwa rangi ili maji yasiingie. Honi ikiwa inalia, injini imezimwa, multimita kwenye terminali zake ilisoma volti 11.6.

Diski mpya ilipatikana, ya kiwandani na si ile ya kukatwa kwenye mkanda wa mashine, ambayo nilikuwa nimemwomba asinunue hata akiambiwa ni ngumu zaidi. Ngumu zaidi ndiyo tatizo lake, kwa sababu haijipindi na mtikisiko wote unapanda juu. Tulifungua bolti, tukatoa ile yenye nyufa, tukafunga mpya na waya uleule mfupi, vibati vya kuzuia nati zisilegee vikakunjwa vyote. Kisha gari likashushwa, mzee akakaa, akaweka kidole gumba katikati ya usukani na kukishikilia hapo, akauzungusha kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia na kurudi. Honi haikukatika hata mara moja, na majirani wakatoka kuuliza kuna nini.